Wenzangu wenye mafua yasiyoisha, ofisini na kwenye mwendokasi mnatoboaje?

Mtu wa Mbezi (mleta mada)

Wakuu habari za mihangaiko.

Naandika hapa leso iko mkononi, sitanii. Nina miaka 34, nakaa Mbezi, kibarua changu kipo Posta kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, nashinda na makaratasi kutwa. Huu mwaka wa nne pua yangu haijui sikukuu wala Jumapili. Sio yale mafua ya kuumwa siku tano yakaisha, haya hayana homa, mwili hauumi, koo zima, ni chafya tu mfululizo kumi hadi kumi na mbili, makamasi mepesi kama maji, pua inawasha mpaka kwenye kaakaa na ndani ya masikio, macho yanachuruzika. Ikifika saa tano inaziba upande mmoja, mchana inahamia upande wa pili kama vile zinapokezana zamu ya ulinzi.

Ratiba yangu iko hivi. Naamka saa kumi na moja, kabla mguu haujagusa chini nimeshapiga chafya nane. Bodaboda mpaka barabara kubwa, vumbi la kwetu mnalijua, kiangazi hiki miembe yote imegeuka rangi ya matofali, halafu helmeti ya boda nayo ina jasho la abiria mia. Nikifika Kimara napanda basi la mwendokasi, tunabanana pale mlangoni, pua yangu inakuwa usawa wa shingo ya dada mmoja hivi ambaye huwa tunakutana saa ileile karibu kila siku. Huyo dada anajipenda, sina ubaya naye, ila pafyumu yake nikiivuta mara moja nalia machozi mpaka Magomeni kama nimetoka msibani. Wiki iliyopita nilishuka Shekilango, sio kituo changu, nishuke tu nipumue.

Ofisini sasa. Bosi anapenda kipupwe (kiyoyozi) kiwe nyuzi 16 muda wote, meza yangu ipo chini yake moja kwa moja, chini kuna zulia la tangu ofisi inafunguliwa, pembeni kabati la mafaili ambalo kila ukivuta faili moja vumbi linakusalimia. Saa mbili kamili mama wa usafi anapita anapuliza ile spreyi ya kunukisha chumba, tena anaanzia kwangu. Tangu enzi za korona ukipiga chafya mbili watu wanakutazama kama umeingia na nyoka kwenye begi. Mwezi jana mbele ya mteja nilichelewa leso, tone likadondokea kwenye nyaraka zake. Mteja hakusema neno, alichomoa tishu akafuta, akaniangalia. Nilitamani sakafu ipasuke.

Dawa nimemeza mpaka basi. Piriton zinasaidia lakini nasinzia, nilishakosea namba ya kontena kwa ajili yake ikawa kesi. Antibayotiki dozi nne tofauti, hakuna kitu. Nyungu, habbat soda, tangawizi na limao, kote nimepita. Mtaalamu mmoja wa mtaani kaniambia nimerogwa, nikamwambia mchawi mwenye akili angeroga mshahara. Kwenye zahanati moja wakaniambia nina nyama za puani nikakatwe, nikatoka mbio. Kinachonibeba ni kile kichupa cha matone ya puani, nikidondoshea dakika tano tu pua inafunguka kama geti la rimoti. Kimoja kipo kwenye droo, kimoja kwenye begi, kingine chini ya mto. Bila hivyo mimi ni marehemu.

Nimeshaandika barua ya kuomba kuhamishiwa kazi za nje kule bandarini, hakuna kipupwe hakuna zulia. Hela itapungua kidogo ila nitapumua. Sijaipeleka bado. Wenye hali kama yangu mnaishije?

Kwachukwachu

Nimechukua siti ya mbele. Mhanga mwenzio hapa, nasubiri wajuzi.

Ngedere Mjanja

Mkuu hamia Dodoma, Dar unyevu umezidi, huko pua zinakauka zenyewe.

Mtumishi Mpole

Ngedere usimdanganye mwenzio. Mimi nilihama na wizara nikaletwa hukuhuku Dodoma, kweli makamasi yalikauka, yakakauka mpaka pua ikawa inatoa damu kila asubuhi. Na vumbi la huku likiamka na upepo wa mwezi wa nane unatafuna mchanga ukiwa umefunga mdomo.

Konda Mstaafu

Pole sana mdogo wangu. Nimekaa mlangoni mwa daladala miaka kumi na moja, Gongo la Mboto hiyo, moshi wote vumbi lote ni langu. Nikupe mbili tatu za barabarani. Dirishani ndio pazuri lakini sio dirisha la upande wa vumbi, angalia upepo. Kwenye mwendokasi usigande mlangoni, ingia katikati chini ya kile kidirisha cha juu. Na toka mapema, ukipanda saa kumi na moja na nusu gari ni pumzi, ukipanda saa moja kasoro gari ni kwapa. Barakoa vaa ile ngumu inayobana pembeni, ya kitambaa inazuia aibu tu vumbi linapita.

Mpemba Asilia

Yakhe pole. Sie huku ukenda chafya ukisema Alhamdulillah unaombewa Yarhamukallah, sasa mie ikifika chafya ya saba wenzangu dukani hunyamaza kimya, washachoka kuniombea. Tena nyumbani mke wangu hufukiza udi kila Ijumaa na kila akija mgeni, mie hutoka nikakaa barazani kama nimefukuzwa. Kumwambia aache udi ni sawa na kumwambia arudi kwao, basi tumepatana: afukize mie nikiwa msikitini, madirisha yawe wazi, chumba cha kulala asikiguse. Nafuu ipo.

Famasia Dada

Mtu wa Mbezi, kabla watu hawajakujazia dawa naomba unijibu maswali matatu bila kuzunguka. 1) Jumapili asubuhi ukiwa nyumbani hali inakuwaje? 2) Ukisafiri ukalala sehemu nyingine zaidi ya siku tatu inabadilika? 3) Hicho kichupa unachokisifia, acha jina la mbele, soma maandishi madogo, dawa gani ipo ndani na unaweka mara ngapi kwa siku?

Mtu wa Mbezi

Dada asante kwa kujitokeza. Jumapili asubuhi ni balaa lilelile, tena naweza kusema zaidi kwa sababu nachelewa kuamka, ila mchana nikishinda nje kwenye mkeka inapungua. Pasaka nilienda Lushoto kwa wakwe siku tano, chafya zikapungua sana nikashangaa, ila kuziba kulikuwa palepale. Kichupa kimeandikwa xylometazoline, naweka kama mara sita hivi, usiku naamka mara moja kuongeza. Huu mwaka wa pili na nusu.

Kwachukwachu

Mwaka wa pili na NUSU??

Famasia Dada

Nilijua. Haya kaa vizuri, nitaandika ndefu, na mimi sio daktari, nauza dawa mwaka wa tisa, kwa hiyo mwisho wa siku utaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie ndani.

Wewe hapo una matatizo mawili yamepandana na unadhani ni moja. La kwanza ni mzio. Chafya za alfajiri kabla hujashuka kitandani, Jumapili ipo, Lushoto inapungua, huo sio ugonjwa wa ofisi huo ni ugonjwa wa kitandani. Kuna wadudu wadogo hawaonekani kwa macho, utitiri wa vumbi, wanaishi kwenye godoro, mto, zulia, kochi la kitambaa, wanakula magamba ya ngozi yetu yanayodondoka na wanapenda joto na unyevu, sasa niambie kuna mji gani una joto na unyevu kama Dar. Kinachokuwasha hasa ni kinyesi chao na mabaki yao, unavuta usiku kucha, masaa saba, asubuhi unalaumu boda.

La pili umelitengeneza mwenyewe, samahani nisikuudhi. Hicho kichupa kazi yake ni kubana mishipa ya damu puani ili uvimbe ushuke. Ni dawa nzuri kabisa ya siku tatu, nne, tano. Ukizidisha, kikiisha nguvu mishipa inatanuka zaidi ya mwanzo, pua inaziba, unaweka tena, inaziba zaidi. Ndio maana Lushoto chafya zilipungua kuziba kukabaki, kwa sababu utitiri uliuacha Mbezi lakini kichupa ulisafiri nacho. Hizo nyama ulizoambiwa ukakatwe inawezekana ni nyama za kawaida za puani ambazo kila mtu anazo, zako zimevimba tu, ila hilo daktari ndiye atakwambia.

Kipupwe na pafyumu navyo vina makosa yao lakini ni wachochezi. Hewa ya baridi na harufu kali hushtua pua hata ya mtu asiye na mzio, sembuse yako ambayo imeshakasirika tangu saa kumi na moja. Na hiyo ya kupokezana zamu wala usiogope, pua za binadamu wengi zinapokezana hivyo kila baada ya masaa kadhaa, mwenye njia pana hajui, wewe unajua sababu njia imebaki nyembamba.

Kwachukwachu

Aisee utitiri mimi najua wa kuku

Famasia Dada

Ukoo mmoja, kabila tofauti. Hawa hawang'ati.

Dereva Fuso

Kwenye Piriton naomba niweke ushuhuda. Natoka Morogoro na mzigo, pale Msamvu nikameza mbili kwa ajili ya mafua hayahaya, nikasema ni dawa ya mafua tu itanifanya nini. Karibu na Chalinze nashtuka utingo anapiga kelele, matairi ya kushoto yapo kwenye changarawe. Mungu ndiye alishika usukani. Tangu siku hiyo Piriton ni ya kulala nayo nyumbani, na hata ukimeza usiku asubuhi kichwa bado kizito. Madereva wenzangu someni hapa.

Famasia Dada

Nakazia kwa Dereva. Zipo za kizazi kipya kama loratadini na feksofenadini hazilazi watu wengi, setirizini ipo katikati, wengine inawalaza wengine haiwagusi, jaribu kwanza siku ambayo huendeshi. Na feksofenadini meza kwa maji, sio juisi ya machungwa, juisi inaipunguza nguvu. Ila hizi vidonge zinashika zaidi chafya na kuwasha, kuziba hazikuwezi sana. Kuziba dawa yake ni spreyi ya puani ya steroidi, flutikasoni, mometasoni au za jamii hiyo. Wateja wangu wengi wanaikataa kwa sababu wakipuliza siku ya kwanza hawaoni kitu, wanarudi kwenye kichupa. Spreyi hii haifungui geti, inazima moto taratibu, unapuliza kila siku hata siku uko poa, wiki ya pili ndio unaanza kusikia utamu.

Na upulizaji wenu ni wa makosa. Inamisha kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia ukapulizie pua ya kushoto na wa kushoto ya kulia, elekeza upande wa sikio sio kwenye ule ukuta wa katikati, ukuta ukipigwa kila siku unatoa damu. Usivute kwa nguvu kama mzee anavuta ugoro, ukiona inashukia kooni ujue umekosea.

Sindano Moja

Mnamzungusha mtu bure. Ipo sindano ya aleji unachomwa tako mara moja miezi mitatu unapeta, mimi mwaka wa tatu huu nachoma, pua safi.

Famasia Dada

Sindano Moja hebu nenda leo kapime sukari na presha, sikutishi. Hiyo ni steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu, tofauti na ya kupuliza ambayo sehemu kubwa inaishia puani. Ukiirudia rudia inapandisha sukari, inalegeza mifupa, na mwili unazembea kutengeneza ya kwake.

Sindano Moja

Sukari yangu iko sawa. Nadhani.

Tiba Asili Original

Nina dawa ya mizizi inatoa mafua sugu, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na madeni, njooni inboksi

Ngedere Mjanja

Ya madeni nipe lita tano.

Mkate Mtamu

Dada Famasia swali lako la Jumapili limenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa kiwanda cha mikate upande wa kukanda unga, jibu langu lilikuwa kinyume na la mleta mada. Nikienda likizo siku ya tatu pua inapona kabisa, nalala kama mtoto, narudi Jumatatu ikifika saa nne nimeanza. Unga ule ndio ulikuwa adui, mtu anapika mkate miaka minne unga hauna shida naye, wa tano unamgeuka. Nikapuuzia, nikawa navaa kitambaa, mpaka kifua kikaanza kubana usiku na kupiga miluzi. Daktari akanieleza pua na mapafu ni bomba moja, ukiuacha mzio wa kazini juu unaweza kushuka chini ukawa pumu. Nikaomba kuhamishiwa kwenye kupakia magari. Kwa hiyo barua kama hiyo ya mleta mada mimi niliiandika na iliniokoa, lakini yangu ilikuwa kazi kweli, yake ni godoro.

Mwalimu Chaki

Walimu tusisahaulike jamani. Darasa la watoto 90, ubao wa chaki, dasta ukiipiga ukutani ni wingu la Mlima Kilimanjaro. Nilichofanya, ubao nafuta kwa kitambaa kibichi, vumbi halipai, na watoto wa zamu ya usafi wanamwagia maji kidogo kabla ya kufagia. Kufagia kukavu nimepiga marufuku. Na mfukoni natembea na leso tatu, mbili zangu moja ya mtoto yeyote atakayehitaji.

Nai254

Sasa nyinyi watu wa Bongo, kwanza mlinichanganya, huku Nairobi hii yote tunaita homa, nilikuja huko Dar nikaambia watu niko na homa wakanipeleka kupima malaria. Anyway yangu hunishika mwezi wa saba, ile baridi ya asubuhi. Unaingia matatu madirisha yote yamefungwa, watu kumi na wanne wanapumua hewa moja na makanga amejipaka cologne ya kutosha harusi. Ukifungua dirisha kidole kimoja, mathe wa nyuma anakuuliza kama unataka kumuua na baridi. Mimi siku hizi nakaa kiti cha dirisha nafungua nusu, nampatia mathe shuka ya Kimasai niliyobeba. Si mzaha, nabeba shuka kwa bag. Amani imerudi.

Mswahili wa Maskati

Nimecheka shuka. Mimi nipo Oman, huku kipupwe hakizimwi, ukikizima unaiva. Mleta mada muulize fundi wenu lini mara ya mwisho chujio la hicho kiyoyozi lilioshwa. Mimi nimefanya kazi hiyohiyo ya mafundi ubaridi, ofisi nyingi chujio linakaa mwaka, ukilitoa ni kama umetoa blanketi, vumbi na ukungu vyote vinapulizwa utosini mwa aliyekaa chini. Chujio linaoshwa kwa maji kila baada ya wiki chache, linakaushwa, linarudishwa, dakika ishirini. Na lile bawa la hewa linageuzwa liangalie juu, sio lazima likupige wewe.

Mtu wa Mbezi

Wakuu nimesoma yote mara mbili. Sasa hicho kichupa naachaje? Jana nilijaribu, saa nane usiku nikawa napumulia mdomo kama samaki wa Feri, nikashindwa.

Famasia Dada

Usikiache kavukavu. Anza spreyi ya steroidi kwanza. Halafu acha kichupa pua moja tu, ile nyingine endelea nayo, ili usiku uwe na upande wa kupumulia. Ile ya kwanza ikishafunguka yenyewe, wiki moja au zaidi, ndio unaacha upande wa pili. Lala umeinua kichwa. Osha pua na maji ya chumvi asubuhi na ukirudi kazini: kikombe cha maji yaliyochemka yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, ukipata isiyo na madini joto vizuri zaidi, na baking soda (ile ya kuumulia keki) chembe kama maji yanakuwasha. Maji YALIYOCHEMKA, sio ya bomba wala ya kisima, narudia, kuna vijidudu vya maji ambavyo tumboni havina shida ila puani ni hatari ya maisha. Spreyi pulizia baada ya kuosha, sio kabla, la sivyo unaimwaga.

Na nenda kwa daktari. Hasa mtu yeyote anayesoma hapa ambaye pua inaziba upande mmoja tu daima, au inatoa damu upande huo, au harufu imepotea kabisa, asikae kusoma uzi.

Kwachukwachu

Mkuu usisahau mrejesho.

Mtu wa Mbezi (wiki sita baadaye)

Wakuu nimerudi. Sikutaka kuleta mrejesho wa siku tatu, nimesubiri.

Daktari kwanza. Kaniangalia na kamrija kenye taa, akasema nyama zimevimba kweli, ukuta wa katikati umepinda kidogo ila wa watu wengi umepinda, kukata tuache kwanza tuone spreyi itafanya nini. Nilipomwambia kichupa mwaka wa pili na nusu aliweka kalamu chini akaniangalia kama yule mteja wa forodha.

Kichupa. Siku tano za kwanza sitaki hata kuzikumbuka. Nimelala nimekaa, mito mitatu mgongoni, wife ananiuliza kama namlinda mtu. Siku ya nane pua ya kulia ikafunguka yenyewe alfajiri, nikakaa kitandani navuta hewa tu, naivuta naitoa, nikamwamsha wife nimwonyeshe kana kwamba inaonekana. Kushoto kulichukua wiki mbili. Osha ya chumvi nilidhani nitazama, siku ya pili nikazoea, sasa nina chupa yangu ofisini, naosha chooni nikifika, jamaa mmoja alinifumania akadhani nimechanganyikiwa.

Godoro. Hapa ndio niliona aibu. Godoro langu nililinunua nikiwa bachela, limeshahama na mimi nyumba tatu. Tulipolitoa juani na kulipiga fimbo, jirani aliuliza kama tunapepeta mahindi. Sikuwa na hela ya jipya mwezi huo, nikashonesha mfuko wa kulifunika lote na zipu, wa kitambaa kizito kisichopitisha, mito ya sufi tumeitoa tumeweka mipya nayo na mifuko yake. Mashuka kila Jumamosi yanalowekwa maji ya moto kabisa, yale ya kuungua mkono. Zulia la chumbani limehamia kwa shemeji. Midoli ya manyoya ya binti ilikuwa vita, tukakubaliana inayobaki ni mmoja na anaogeshwa kila wiki na yeye mwenyewe anasimamia.

Ofisini nilifuata ya Mswahili wa Maskati. Sikumwambia bosi mimi mgonjwa, nilimwambia kiyoyozi kinakula umeme kwa sababu kimeziba, neno umeme likamwamsha. Fundi kaja kavuta chujio, nyie, sufi ya mto mzima. Bosi mwenyewe akapiga chafya. Bawa likageuzwa juu, meza yangu nikaisogeza kama mita mbili, na kipupwe sasa kipo 23 kwa sababu alikuwa anaweka 16 kwa vile kilikuwa hakipoozi. Zulia bado lipo, vita hiyo sijaianza.

Mama wa usafi sasa. Nilimfuata pembeni na shikamoo yangu nikijiandaa kumbembeleza, nikamwambia mama ile spreyi ya kunukia inanitesa. Akaniambia baba hata mimi inanibana kifua, ila niliambiwa nipulize kila asubuhi na nikiacha nitaonekana sijafika kazini. Miaka yote hiyo tunateseka wawili tunapishana na ndoo. Nikaongea na wa utawala, sasa hivi asubuhi anafungua madirisha nusu saa kabla hatujaingia na anapiga deki ya maji, spreyi imebaki ya chooni.

Mwendokasi. Nimeanza kupanda ile ya saa kumi na moja na nusu kama alivyosema Konda, na barakoa ngumu. Shati la safari nalivua nikifika nabadilisha. Chafya zipo, sijasema nimepona, jana tu pale Manzese gari lilipofungua mlango likapita lori la kokoto nikapiga tano. Lakini tano sio kumi na mbili.

Barua ya bandarini bado ipo kwenye kompyuta.

Mkate Mtamu

Iache hapo hapo.

Konda Mstaafu

Safi sana mdogo wangu. Na yule dada wa pafyumu?

Mtu wa Mbezi

Saa kumi na moja na nusu hayupo, anapanda ya saa moja. Wiki hii nilichelewa nikakutana naye, akaniuliza kaka mbona siku hizi hupandi, ulihama? Nikasema hapana, nimebadilisha muda. Sikuweza kumwambia kwa nini.

Ngedere Mjanja

Wife ana akaunti humu?

Famasia Dada

Hongera, spreyi usiache ghafla kwa kujisikia vizuri, muulize daktari ni lini upunguze. Na umesema ulikuwa na vichupa vitatu. Cha droo na cha begi nadhani umetupa. Cha chini ya mto je?

Mtu wa Mbezi

Kipo. Sijakigusa wiki ya nne, ila nikijua kipo nalala.

Famasia Dada

Kitupe.

Mtu wa Mbezi

Kesho.